Barua ya wazi: Safari ya mgonjwa wa kisiwani nayo ni matibabu

Kwa Waziri wa Afya. Bodi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Gavana wa Kaunti ya Lamu na Bunge la Kaunti. Na wasimamizi wa Hazina ya Usawazishaji.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka kisiwa cha Pate. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria. Kazi yangu ni kuvusha watu baina ya Faza, Mtangawanda na mji wa Lamu. Nyumba yangu iko karibu na diko, kwa hiyo mgonjwa anapozidiwa usiku, mlango unaogongwa huwa ni wangu au wa manahodha wenzangu. Ninawaandikia kwa jambo moja. Mfumo wa afya mnaousimamia huanza kuhesabu matibabu mgonjwa anapoingia mlango wa hospitali. Kwetu sisi, anapoufikia mlango huo sehemu ngumu kuliko zote imekwisha kupita, na jamaa zake ndio walioilipia. Wengine hawakuweza kuilipia, na hao hawamo katika hesabu zenu kwa sababu hawakufika.

Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya mwaka 2019. Kati yao, 22,258 ndio wakazi wa Lamu Mashariki, yaani wadi za Faza, Kiunga na Basuba. Ni wachache, nami naelewa jinsi idadi hiyo inavyoonekana ndogo mezani inapowekwa kando ya idadi ya mtaa mmoja wa Nairobi. Lakini watu hao wametawanyika visiwani na kwenye ukingo wa msitu mpaka mpakani mwa Somalia: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, Kiunga, na vijiji vya Waboni ndani ya bara. Panapohitajika upasuaji, damu ya kuongezewa au daktari bingwa, safari mara nyingi huwa ni ya kwenda hospitali ya King Fahd katika mji wa Lamu. Ikishindikana pale, ni Malindi, au Mombasa iliyo zaidi ya kilomita 300 kutoka Lamu, kwa barabara ambayo mafuriko ya Mto Tana yaliikata mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024.

Niruhusuni niwaeleze njia, maana naona waliopanga bei za huduma hawakuelezwa.

Anayetoka Pate kwenda Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakijaa, boti inapita. Yakipwa, na hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, kina hupungua mpaka mashine ikachimba tope, na hapo nahodha ana mambo mawili tu ya kuchagua: asubiri maji yapande, au azunguke Manda kwa nje, kwenye bahari kuu. Katika miezi ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, bahari ya nje haina huruma kwa boti ya faiba iliyopakia mgonjwa. Hata kupakia kwenyewe kuna saa zake. Miji yetu mingine, maji yakipwa, boti husimama mbali, na mgonjwa hubebwa mabegani kupitia matopeni mpaka ilipo. Mama mwenye uchungu hubebwa hivyo. Mzee aliyepooza hubebwa hivyo.

Nimewahi kumpakia mama aliyekuwa amejifungua nyumbani na damu ikakataa kukoma. Maji yalikuwa yanapwa. Tulifika Mkanda tukakwama, na kuzunguka nje kulikuwa hakuwezekani kwa upepo wa usiku ule. Tulisubiri kati ya mikoko, mamake amemshika miguu ameiinua, mkunga anamkanda tumbo, na mumewe amemulika tochi ya simu kwa sababu boti yangu haina taa ya kufaa. Alifika akiwa hai. Aliongezewa damu, akapona, na leo mtoto wake anasoma chuo. Petroli ya safari ile ilipatikana kwa mume kuuza jarife lake, wavu aliokuwa akivulia. Ofisini mambo yalikuwa yamekwenda vizuri: mgonjwa amepokewa, ametibiwa, ameruhusiwa. Nyumba ile ilikaa muda mrefu bila chombo cha kazi, na hakuna fomu iliyokuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Sheria haitaki iwe hivi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ibara yake ya pili inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Halafu Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu cha 7, inaeleza matibabu ya dharura yana nini ndani yake: huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza hali yake isizidi kuharibika, na kupanga ahamishwe pale alipopokewa kwanza pasipokuwa na uwezo. Nimesoma kifungu hicho mara nyingi. Hakisemi barabara, hakisemi gari. Kinasema kabla ya kufika na kinasema kuhamishwa. Kwa mtu wa Ndau au Kiwayu, maneno hayo maana yake ni boti, petroli, na mtu anayejua kumshughulikia mgonjwa humo ndani ya boti. Bunge limekwisha kusema kwamba safari ni matibabu. Kilichobaki ni nyinyi kuilipia.

SHA inalipia ambulansi, najua. Lakini bei zimepangwa kwa kilomita. Baharini kilomita haisemi kitu. Safari ileile ya Faza hadi Lamu inaweza kwenda haraka maji yakiwa yamejaa na upepo umetulia, na inaweza kula nusu ya usiku na petroli maradufu maji yakiwa yamekataa. Anayelipwa kwa kilomita atafanya hesabu na kuona hawezi kutoka. Tunaomba kiwango cha malipo cha safari ya baharini, kinachohesabu petroli iliyotumika, mabaharia, saa za kungojea maji, na hali ya bahari. Mamlaka ya hali ya hewa inatoa taarifa za upepo na mawimbi, na majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa mapema. Mtu wa ofisini anaweza kuhakiki safari yoyote kwa karatasi hizo mbili.

Nataja uhakiki kwa makusudi. Nchi nzima imesikia habari za hospitali zilizodai SHA fedha za wagonjwa hewa, na najua jambo la kwanza litakalosemwa ni kwamba manahodha nao watabuni safari. Basi wekeni ulinzi. Safari ianze kwa karatasi ya rufaa kutoka kwa muuguzi wa zahanati, au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii pale ambapo muuguzi hayupo. Ipokewe kwa mhuri na saa hospitalini. Boti zisajiliwe na kukaguliwa, na majina yake yabandikwe gatini ili kila mtu ajue ni zipi zimeaminiwa kubeba wagonjwa. Kijiji kizima hujua usiku gani boti ilitoka na ilimbeba nani. Kudanganya mbele ya mashahidi wengi hivyo ni kazi ngumu kuliko kudanganya kwenye kompyuta ya hospitali ya mjini.

Boti yenyewe isiwe kama yangu. Iwe na mashine mbili, ili moja ikizimika katikati ya mlango nyingine ichukue. Iwe na kivuli na mahali pa machela pasipoingia maji. Iwe na redio, kwa sababu simu hupotea mtandao ukishapita Kizingitini kwenda kaskazini. Iwe na jaketi za kuokoa maisha za kutosha, zikiwamo za watoto, na taa. Petroli ya wagonjwa iwekwe katika tangi lake lenye kufuli, ufunguo ukae kwa watu wawili, isiguswe kwa safari nyingine yoyote. Na mabaharia wafunzwe kubana damu, kumlaza mtu aliyezimia, kumshikia mtoto mchanga joto. Vikundi vyetu vya BMU, vya wavuvi wanaosimamia fukwe, vina vijana wanaoijua bahari hii kwa giza na kwa mwanga. Hawahitaji kufundishwa njia.

Halafu walipwe mapema. Hospitali kubwa zenye akiba zinalalamika kwamba malipo ya SHA yanachelewa. Mwenye boti hana akiba ya kungoja. Akitoka leo kwa petroli ya mkopo na kulipwa baada ya miezi, safari ya pili hatatoka, na hapo mtasema watu wa visiwani hawashirikiani na serikali.

Hapa ndipo ninapofika kwa Gavana na Bunge la Kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za ambulansi mikononi mwa kaunti, kwa maneno yasiyo na utata. Sera ya kitaifa na hospitali za rufaa za kitaifa ziko kwa Waziri. Kwa hiyo kaunti inaweza kusema kwamba fedha za bima ziko Nairobi, na Nairobi inaweza kusema kwamba ambulansi ni kazi ya kaunti, na kila upande utakuwa umesema kweli. Tunachoomba ni mkae meza moja, mwandike mkataba mmoja unaosema nani ananunua boti, nani analipa mabaharia, nani anajaza tangi, na nani atajibu siku boti isipotoka. Mkataba huo usomwe hadharani Faza na Kiunga. Mkizoea kutuletea tangazo la boti mpya bila kutuambia petroli yake itatoka bajeti gani, mtazoea pia kuikuta imefungwa gatini.

Sasa bima yenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wake kwa maswali kuhusu kaya, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini anatakiwa kulipa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 kwa mkupuo, kwa yule wa chini kabisa. Baadaye umeletwa mpango wa kukopeshwa ili kulipa kidogokidogo, na wapo waliosaidika. Mvuvi, hata hivyo, hana mwezi mmoja unaofanana na mwingine. Kaskazi inapotulia anapata. Kusi ikivuma vyombo vinavutwa pwani na nyumba inaishi kwa deni la dukani. Mpango wa malipo unaomdai Juni sawa na unavyomdai Januari haukupangwa na mtu aliyewahi kuuliza mvuvi anakula lini. Mruhusuni alipe msimu wa kaskazi, kadi yake iendelee kufanya kazi msimu wa kusi.

Kuhusu yale maswali ya kupima uwezo, nina hofu moja ambayo ningependa SHA waijibu. Huulizwa habari za kuta, paa na sakafu ya nyumba. Siyu na Pate ni miji ya kale. Watu wake wengi wanaishi katika nyumba za mawe walizorithi kutoka kwa mababu waliokuwa wafanyabiashara wa jahazi. Ukuta ni wa mawe, mnene, wa kupendeza hata kwa watalii, na aliyemo ndani ni mjane anayesuka ukili kwa riziki ya siku. Fomu ikimwona huyo kuwa na uwezo kuliko kijana wa mjini aliyepanga chumba cha mabati, basi fomu imepima mababu zake. Kwa wadi kama Basuba na visiwa vya mbali, acheni maswali. Wekeni kijiji kizima katika orodha ya wanaolipiwa na serikali. Mwezi Oktoba 2025 Rais alizindua mpango wa kuwalipia wasiojiweza. Tunaomba mpango huo uanze na mahali ambapo umaskini na umbali vimekutana, na orodha ibandikwe msikitini na kwa chifu tuione.

Na kitambulisho. Kujisajili SHA kunahitaji nambari yake. Sisi Wabajuni tunajua kitambulisho kilivyo kigumu kupata kwa mtu wa mpakani. Vijana wetu wamesimama mbele ya kamati za uhakiki wakiulizwa majina ya mababu na vijiji vyao, huku wenzao wa mikoa mingine wakiandikishwa bila maswali hayo. Februari 2025 serikali iliondoa uhakiki ule wa ziada, na tulishukuru. Lakini mzee wa miaka 60 aliyekata tamaa zamani, au msichana aliyeolewa mapema bila karatasi yoyote, hataingia boti kwenda kuhangaikia kitambulisho. Siku ya kliniki ya kijijini, mwandikishaji wa vitambulisho aje na boti moja na muuguzi. Pia, mahali panapotumika alama za vidole kumthibitisha mgonjwa, kuwe na njia nyingine palepale. Vidole vya mvuvi vimekatwa na kamba na kuliwa na chumvi. Vya msusi wa mikeka vimelainishwa na ukili. Mashine ikikataa kumtambua mtu, muuguzi aliyezaliwa naye mtaa mmoja anamtambua.

Nawaombeni mkae nami kidogo katika habari za Waboni, Waaweer, kwa sababu wao ndio walio mbali zaidi na ndio wanaosemewa kuliko kusema wenyewe. Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe: hivi ni vijiji vya watu walioishi kwa asali, matunda ya msitu na uwindaji, mpaka uwindaji ukapigwa marufuku nchini mwaka 1977. Al-Shabaab walipoanza kujificha katika msitu ule na kushambulia, operesheni ya usalama ya Linda Boni ikaanzishwa mwaka 2015. Wahudumu wa afya walikimbia. Zahanati zilifungwa, zikakaa hivyo kwa miaka, pamoja na shule. Askari wetu wamekuwa wakitoa matibabu wanapoweza, na Mungu awalipe. Lakini mama mjamzito hawezi kupanga kliniki zake kwa ratiba ya doria.

Fikirini maradhi ya msituni yalivyo. Mrina asali akiumwa na nyoka, dawa ya kuua sumu haingoji. Inatakiwa iwepo, ihifadhiwe vizuri, na awepo mtu anayejua kuitumia na kumwangalia mgonjwa baada ya sindano. Chanjo za watoto zinahitaji friji, na friji inahitaji sola inayofanya kazi na mtu wa kuitazama. Malaria ya mtoto inaweza kugeuka ikawa mbaya ndani ya siku moja. Mambo haya yote ni ya zahanati ndogo, hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji muuguzi anayelala kijijini. Na muuguzi hatalala kijijini ikiwa hana nyumba ya kufunga mlango, hana redio, hana hakika nani atamtoa pakichafuka, na posho ya mazingira magumu inachelewa. Nawajua wauguzi waliotamani kubaki. Hawakuwa waoga wala wavivu, ila waliachwa peke yao.

Hapa tena pana mikono miwili: usalama ni wa serikali ya kitaifa, zahanati ni ya kaunti. Kaunti husema hatuwezi kupeleka watu mahali pasipo salama. Wa usalama husema eneo limetulia. Mwaka unapita. Tunaomba wote wawili waweke sahihi karatasi moja kwa kila zahanati ya Basuba, ikisema ni wazi au imefungwa, na kama imefungwa ni kwa sababu gani na mpaka lini. Mlango uliofunguliwa siku ya wageni usihesabiwe kuwa zahanati.

Kwamba inawezekana kuwafikia watu hawa, imekwisha kuonyeshwa. Safari Doctors, shirika lililoanzishwa hapa Lamu na Umra Omar, limekuwa likipeleka madaktari na wauguzi kwa mashua na boti mpaka vijiji vya mbali, bila kuwatoza watu. Nimewaona wakishusha masanduku ya dawa ufukweni na akina mama wamekwisha kupanga mstari. Tunawashukuru. Lakini shirika hutegemea wahisani, na wahisani huchoka au hubadilisha nia. Walichokifanya wao kwa michango, serikali inaweza kukifanya kwa kodi, kila mwezi, bila kungoja mfadhili.

Fedha zipo, na zina jina katika Katiba. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, itumike kwa maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, mpaka huduma huko zikaribie zile za nchi nzima. Lamu ilikuwamo katika kaunti 14 za orodha ya kwanza. Orodha ya pili ilipanua mpaka maeneo 1,424 katika kaunti 34. Miaka mingi ilipotea katika kesi na mabishano ya kanuni, fedha zikatoka kwa matone. Hazina hiyo iliwekewa miaka 20 tu tangu Katiba ianze kutumika, yaani mpaka Agosti 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Tumekula zaidi ya robo tatu za muda huo na mama wa Mararani hajaona tofauti. Bunge liiongezee muda. Na kilichobaki kwa Lamu Mashariki kisiende kwenye jengo jingine lenye bamba la ufunguzi na lisilo na muuguzi ndani. Nunueni boti, jengeni nyumba za wauguzi, wekeni sola, rekebisheni magati ambayo maji yakipwa hayafikiki.

Kuna kitu kingine kisicho ghali ambacho kingeokoa maisha mengi kuliko boti ya kasi: nyumba ya kungojea uzazi. Mama ambaye muuguzi amemwona ana hatari, labda alipasuliwa uzazi uliopita, au ana mapacha, au presha imepanda, asingoje uchungu umkute Ndau. Aje mapema, akae karibu na hospitali, Faza au Lamu, mahali safi, na nafasi ya mama yake au dada yake kulala naye. Apewe chakula. Nasema chakula kwa sababu watu wa mipango hukisahau. Mwanamke wa kijijini hawezi kukaa Lamu wiki tatu akinunua mkate wa hotelini, na watoto aliowaacha nyumbani nao wanakula. Zamani, Linda Mama ilimpokea mjamzito bila kumdai mchango wowote. Sasa uzazi umeingizwa ndani ya bima, shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na hospitali hulipwa ikiwa mama ni mwanachama aliyelipa. Mama asiyelipa huja akiwa na hofu, au haji kabisa. Rudisheni uzazi wa bure usiouliza michango, angalau kwa wadi hizi tatu kwanza, kisha nchi nzima.

Hofu ya bili ni ya kweli. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Bado watu wetu huenda hospitali wakiuliza kwanza, "Tutaachiwa kutoka?" Kwa mtu wa kisiwani, siku moja ya kuzuiliwa ni siku moja zaidi ya jamaa kulala barazani kwa watu Lamu mjini, na boti ya kurudi imekwisha kuondoka na maji. Agizo la mahakama liandikwe kwa Kiswahili kikubwa katika mapokezi ya kila hospitali ya umma ya kaunti hii.

Kutoka kwetu, usiku, taa za bandari mpya ya Lamu zinaonekana kwa mbali. Gati tatu zimejengwa kwa meli za mizigo ya Ethiopia na Sudan Kusini. Sina neno baya kwa bandari. Baadhi ya vijana wetu wanatafuta kazi huko. Lakini nchi iliyoweza kuchimba mlango wa meli kubwa kiasi kile inaweza kuuchimba Mkanda ukapitika maji yakiwa yamepwa. Waheshimiwa, hilo nalo ni ombi la afya, ijapokuwa litaonekana ni la Wizara ya Uchukuzi. Mkanda ukipitika saa zote, mgonjwa wa Pate hatangoja tena kati ya mikoko.

Wenzangu wa boti za Faza, Kizingitini na Mtangawanda wameniruhusu niseme kwa niaba yao kwamba tuko tayari kukaa na maofisa wa SHA na wa kaunti, kuwapa hesabu ya petroli ya kila njia, maji ya kila saa, na wapi boti hukwama. Njooni kabla kusi haijaanza, tuwapitishe Mkanda maji yakiwa yamepwa na yakiwa yamejaa, na tuwafikishe Kiunga. Majibu ya barua hii tunaomba yatumwe pia kwa ofisi za wadi za Faza, Kiunga na Basuba, kwa maandishi, yakitaja ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na nani atalitekeleza lini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Nahodha wa boti ya abiria,
Faza, kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki